HISTORIA YA KAZI YAKO IANDIKE WEWE MWENYEWE



Katika ofisi zetu za matawi watu huja na shida za kila namna: mshahara uliokatwa, likizo iliyonyimwa, ajali ambayo tajiri hataki kuilipia. Lakini iko shida moja ambayo huja kimya kimya, nayo twaiona kuwa imezidi. Mtu ameachishwa kazi, au mkataba wake umekwisha. Amesikia kwamba mahali fulani wanataka watu, naye ameambiwa alete karatasi ya historia ya kazi na masomo yake, ile ambayo maofisini huitwa CV na wenye vitabu huiita wasifu kazi. Basi anakuja kutuomba tumsaidie kuiandika. Tunamwuliza: Ulianza kazi mwezi gani? Hakumbuki sawasawa. Kazi yako iliandikwaje katika barua ya kuajiriwa? Barua hiyo hakuiona tangu siku ya kutia sahihi. Cheti cha shule kiko wapi? Kiko kwa shangazi Busia, au kiliteketea nyumba ilipoungua, au bado kimefungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu kwa sababu ya karo. Nafasi yenyewe inafungwa Ijumaa.

Mtu huyo si mvivu wala si mjinga. Amefanya kazi miaka kumi na mitatu. Lakini kwa yule karani atakayesoma karatasi upande wa pili wa meza, miaka hiyo kumi na mitatu haipo.

Wako wanachama watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wa chuo kikuu. "Mimi mikono yangu ndiyo cheti changu," ndivyo alivyotuambia fundi mmoja, na wenzake wakamshangilia. Tunamheshimu, na mikono yake tunaijua. Lakini siku hizi hata anayetafuta mlinzi wa usiku, mpishi wa kantini au dereva wa lori huuliza karatasi kwanza, na mikono huitwa baadaye kwa wale ambao karatasi zao zilipita. Tusipende jambo hili, sawa. Hata sisi hatulipendi. Lakini kutolipenda hakutampa mtu kazi.

Tena kuna sababu nyingine kubwa zaidi ya kutafuta kazi, nayo ni hii: nani anashika kalamu inayoandika maisha ya mfanya kazi?

Wazee wetu waliijua taabu hii vizuri kuliko sisi. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha wenyeji mwaka wa 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri, kazi, mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuachiliwa. Ile ilikuwa CV ya kwanza ya mfanya kazi wa Kenya, ila yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuandika humo hata herufi moja. Bwana akikataa kutia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali, na akiondoka aliwindwa kama mtoro. Mshahara ulioandikwa humo ulisomwa na tajiri wa pili kabla ya kutaja mshahara wake, naye hakuona sababu ya kupandisha. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko yaliyowakusanya watu nyuma ya Harry Thuku, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokwenda kudai afunguliwe walipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi. Haikuwa mpaka mwaka wa 1947 ndipo ilipopitishwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Wazee pia husimulia habari za wapishi na maboi waliotunza barua za sifa ndani ya mikebe, wasijue kusoma Kiingereza, na kumbe barua nyingine iliandikwa kwa kejeli ili kumwonya bwana anayefuata. Mtu alibeba adui yake mfukoni, na kwa adabu akamkabidhi kila mlango aliobisha.

Siku hizi hakuna kipande cha shingoni. Lakini mfanya kazi ambaye historia yake iko katika faili ya tajiri peke yake, na yeye hana nakala, hajatoka mbali sana na mambo hayo.

Sasa tutazame sheria inatupa nini. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 51, yasema kwamba kazi ikimalizika mwajiri lazima ampe mfanya kazi cheti cha utumishi, isipokuwa kama kazi yenyewe haikufika wiki nne mfululizo. Cheti hicho si zawadi, wala si malipo ya tabia njema. Aliyefukuzwa kwa ugomvi anastahili kukipata sawa na aliyestaafu kwa karamu. Ndani yake kuandikwe jina la mwajiri na anwani yake ya posta, jina la mfanya kazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa, na tarehe ya mwisho. Mwajiri anayekataa kwa makusudi au kwa uzembe, au anayeandika neno ambalo ajua ni la uongo, ametenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Wengi wetu hatujui hili, na makarani wengine wa kampuni hawajui pia, au wanajifanya hawajui. Mara nyingi mjumbe wetu akienda na kifungu hicho kimeandikwa kwenye karatasi, cheti hutoka siku hiyo hiyo.

Lakini tusijidanganye. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya sifa wala kueleza jinsi ulivyofanya kazi. Na hapo kwenye "aina ya kazi" ndipo penye maumivu.

Tutoe mfano wa mwanachama wetu mmoja, ambaye jina lake na la ghala alimofanya kazi tunayaacha. Aliajiriwa kuwa mpakuzi wa mizigo. Mwaka wa pili dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo, aliugua, na nyapara akamwambia huyu ndugu apande ajaribu. Alijaribu, akaweza, na tangu siku hiyo hakushuka. Aliendesha mashine ile miaka sita. Alifundisha vijana wanne. Alikuwa ndiye anayehesabu shehena inapoingia na kutia sahihi kwenye daftari la ghala wakati karani hayupo. Mshahara wake ukabaki wa mpakuzi pamoja na posho kidogo isiyo na jina. Alipopunguzwa kazi alipewa cheti cha utumishi bila ubishi wowote, na aina ya kazi iliandikwa kwa neno moja tu: kibarua.

Je, cheti hicho ni cha uongo? Kampuni itasema hapana, kwani ndivyo barua ya kuajiriwa inavyosema. Basi miaka sita ya udereva, ya ualimu na ya ukarani imefutwa kwa neno moja. Ghala la pili lilipotaka dereva wa foklifti, karatasi zake zilimwonyesha kuwa mpakuzi, akapewa kupakua. Alianza upya chini kabisa ya ngazi ambayo alikwisha kuipanda.

Wanachama, hiyo ndiyo hasara tunayoisema. Haionekani kwenye slipu ya mshahara, lakini ni wizi mkubwa kuliko saa za ziada zisizolipwa, kwa sababu humfuata mtu kila anakokwenda. Kila tajiri mpya ananunua ufundi wetu kwa bei ya ukibarua, kwa kuwa hatuna pa kuonyesha kwamba tuliupata.

Dawa yake haianzi siku ya kufukuzwa. Inaanza siku ulipobadilishiwa kazi. Ukiambiwa uendeshe mashine, omba uandikiwe, hata kama ni barua fupi ya mistari miwili. Nyapara akisema hakuna haja, mwandikie wewe: "Kuanzia tarehe fulani nimeelekezwa kufanya kazi ya namna hii, nami naomba barua ya kuthibitisha." Fanya nakala, utunze. Asipojibu, nakala yako yenye tarehe bado ni ushahidi. Ikiwa maagizo yanakuja kwa simu, kama ilivyo siku hizi, usifute ujumbe huo. Na kila mtu awe na daftari lake nyumbani. Aandike mwezi na mwaka, kazi aliyofanya kweli, mashine aliyotumia, idadi ya watu aliowasimamia, na mafunzo yoyote aliyopewa hata yakiwa ya siku moja. Usitegemee kumbukumbu. Mtu hukumbuka vizuri siku aliyogombana na msimamizi, lakini tarehe aliyopandishwa kazi humpotea.

Kuna wale ambao hali yao ni ngumu zaidi, nao ni wafanya kazi wa mikataba mifupi. Katika viwanda vya nguo vya Athi River na mashamba ya maua ya Naivasha, na bandarini vile vile, wako watu walioajiriwa kwa miezi mitatu mitatu, au kupitia kwa wakala. Barua ina jina la wakala, aproni ina jina la kampuni, na mshahara hutumwa kwa simu kutoka kwa jina la tatu. Mtu kama huyu akiulizwa alifanya kazi wapi, yeye mwenyewe anababaika. Sisi twashauri aandike yote: aliajiriwa na wakala fulani, akafanya kazi katika kiwanda fulani, kuanzia mwezi huu hadi ule. Mikataba mitano ya mahali pamoja aiweke chini ya kichwa kimoja, na tarehe zake, ili msomaji asidhani kwamba mtu huyu hufukuzwa kila baada ya miezi mitatu. Tena ajue kwamba kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, sheria hiyo hiyo katika kifungu cha 37 humpa njia ya kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Karatasi zile zile za kujengea CV ndizo atakazozihitaji kudai haki hiyo.

Basi, kama hujaanza, utapata wapi ushahidi wa miaka iliyopita? Usikate tamaa, kwa maana mfanya kazi huacha alama nyingi kuliko anavyodhani. Barua ya kuajiriwa, slipu za mshahara, kitambulisho cha kazini, hata kile kilichokatika kona. Taarifa ya michango ya NSSF ni hazina, kwani huonyesha miezi na miaka uliyochangiwa, na mahali penye pengo utajua kwamba ama hukuwa kazini au tajiri alikata pesa asizipeleke, na hilo la pili utuletee haraka. Kama ulikatwa kodi, ile fomu ya P9 ya kila mwaka ina jina la mwajiri na mshahara wa kila mwezi. Taarifa ya benki au ya M-Pesa huonyesha siku mshahara ulipoingia.

Na tajiri mwenyewe bado ana faili yako. Sheria ya Ajira inamtaka ahifadhi maandishi ya masharti ya kazi yako kwa miaka 5 baada ya wewe kuondoka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inakupa haki ya kuona habari zako zilizo mikononi mwa mtu mwingine, na mwajiri ni mtu mwingine. Andika barua kwa adabu, taja sheria, uombe nakala. Lakini fanya hivyo mapema. Kiwanda kikifungwa, kama kile cha karatasi cha Webuye kilivyofungwa mwaka wa 2009, meza ya karani hubaki tupu na funguo huwa kwa watu ambao hawakukujua.

Tugeuke upande wa masomo, na hapa tutakwenda upesi. Andika kila ulichokisoma, hata kama hukumaliza. Aliyefika Kidato cha Pili aandike Kidato cha Pili, na mwaka. Wazee wetu wana CPE iliyofanywa hadi 1984, walio wadogo kwao wana KCPE iliyoanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, na wa sekondari wana KCSE tangu 1989. Makarani vijana wengine hawajui hata CPE ilikuwa nini, kwa hiyo eleza kwamba ulikuwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Cheti kikipotea, ripoti polisi upate hati ya kuonyesha kimepotea, kisha uliombe Baraza la Mitihani, ambalo lina utaratibu wake wa kushughulikia vyeti vilivyopotea. Ada ipo na kungoja kupo. Kama shule imezuia cheti kwa ajili ya karo, Wizara ya Elimu imekwisha kuwaambia walimu wakuu zaidi ya mara moja kwamba vyeti visizuiwe. Nenda na mzee au mjumbe wa chama, usiende peke yako ukarudishwa langoni.

Tazama majina pia! Shuleni uliitwa jina moja, kwenye kitambulisho yako matatu, na tajiri akakuandika kwa herufi zake. Akina mama walioolewa na kubadilisha jina hupata taabu hii zaidi. Hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo huunganisha majina hayo. Itengeneze sasa ukiwa na nafasi.

Na yule fundi aliyesema mikono yake ndiyo cheti chake, tuna neno zuri la kumwambia. Mikono hiyo yaweza kupewa cheti. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayojulikana kama NITA, huendesha mitihani ya ufundi ya serikali, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Seremala, mwashi, fundi umeme, mchomeleaji vyuma, fundi wa magari, hata aliyejifunza ufundi huo chini ya mwembe au katika jua kali la Gikomba, aweza kujiandikisha. Tena mwaka wa 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kupita chuoni, chini ya Mamlaka ya Sifa za Kitaifa, KNQA. Hatusemi kwamba njia hiyo ni nyepesi au ya bure. Maoni yetu ni kwamba gharama ingebebwa na waajiri, kwa kuwa hao ndio waliovuna ujuzi huo miaka yote kwa bei ya chini. Lakini angalia: anayekwenda kupimwa huulizwa ushahidi wa kazi alizofanya, na hapo tumerudi kwenye lile daftari.

Iko njia nyingine ambayo vijana huambiwa vichochoroni, ya kununua cheti. Twasema bila kuzunguka: usiguse. Mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba katika ukaguzi wake iligunduliwa idadi ya vyeti bandia inayozidi 2,000 kwa watumishi wa umma, na waliopatikana wamefuatwa kwa mashtaka na hata kudaiwa kurudisha mishahara. Mwanachama wa namna hiyo chama hakina silaha ya kumtetea. Na kuongeza mwaka mmoja hapa na cheo pale ni njia hiyo hiyo, ila ni mwanzo wake. Kazi zetu za kweli zatosha, shida ni kwamba tumeziandika kidogo kuliko zilivyo.

Kuhusu kuandika kwenyewe, watu wengi hukimbilia saiba, na kijana wa saiba hufungua karatasi ya mtu mwingine, akabadilisha jina. Ndiyo maana karani hupokea karatasi arobaini, zote zikisema kwamba mwombaji ni mchapa kazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi na wengine. Maneno hayo hayana uzito tena. Andika mambo. Badala ya "dereva mzoefu" andika kwamba uliendesha lori la tani kumi kutoka Mombasa hadi Malaba kwa miaka minne, bila ajali kama ni kweli. Badala ya "mpishi hodari" andika kwamba ulipikia wanafunzi mia tatu mara tatu kwa siku na ulitunza daftari la stoo. Anza na kazi ya mwisho, urudi nyuma. Karatasi mbili zatosha. Mwaka uliokaa nyumbani kulea mtoto, au kuugua, au kwa sababu kazi zilifungwa wakati wa Korona mwaka wa 2020, useme hivyo kwa maneno machache. Pengo lililoelezwa halimtishi mtu. Weka nakala katika barua pepe yako mwenyewe, usiiache kwa kijana wa saiba peke yake. Vyeti vya asili usimwachie mwajiri yeyote. Aonyeshwe, achukue nakala, na vile virudi mfukoni mwako. Na anayekuomba pesa ili apokee karatasi zako, huyo hana kazi ya kukupa.

Wanawake wanaofanya kazi za nyumbani wengi hutuambia kwamba hawana cha kuandika. Dada, una cha kuandika. Kulea watoto wawili kwa miaka mitano, kumpa mgonjwa dawa kwa saa, kutunza pesa za soko na kurudisha hesabu, hiyo ni kazi. Ina mwajiri na ina tarehe, na kifungu cha 51 hakikusema kwamba nyumba si mahali pa kazi. Kwa wale wanaojiandaa kwenda Uarabuni, acha nakala kamili ya karatasi zako kwa mtu wa nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Tumeulizwa pia kama mtu aliyekuwa mjumbe wa chama aandike hivyo au afiche. Katika halmashauri hatukukubaliana, na tunawaeleza pande zote mbili. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yakataza kumbagua mtu anayetafuta kazi kwa sababu ya chama. Pamoja na hayo, wote twajua karatasi inaweza kutupwa kapuni bila sababu kutajwa. Walio wengi kati yetu wasema aandike, kwa sababu kuongoza mikutano, kutunza fedha za wanachama, kusoma mkataba na kukaa katika kamati ya usalama ni ujuzi ambao msimamizi yeyote angejivunia. Lakini hatutamlaumu mwenye watoto wa kulisha akiamua vingine.

Sasa tunayotaka kwa chama chenyewe. Kwanza, kila tawi lipange Jumamosi moja kwa mwezi, makarani wetu wakae na wanachama wawasaidie kupanga karatasi zao wakiwa bado kazini. Pili, katika mkataba wa pamoja kiingizwe kifungu kwamba kila mwaka mwajiri atampa kila mfanya kazi maandishi ya kazi anazofanya kweli, mashine anazotumia na mafunzo aliyopewa, na kwamba cheti cha utumishi kitafuata maandishi hayo wala si barua ya siku ya kwanza. Waajiri watasema ni kazi kubwa ya ofisi. Ofisi hizo huweza kuhesabu dakika tano za kuchelewa kwetu, basi zitaweza na hili. Wajumbe wa kila kiwanda walete ofisini, kabla ya mazungumzo yajayo, orodha ya watu wao ambao jina la kazi kwenye karatasi si kazi wanayoifanya, pamoja na tarehe waliyobadilishiwa.

Halmashauri ya Gazeti